Springi Mbili za Winchi

Mdogo wangu aliponipigia simu kuniambia amenunua mashua ya tanga, mimi dada yake nilimuuliza kama amekula. Kwetu ndivyo tunavyojibu mambo mazito. Tumezaliwa Ziwani, mtaa wa mjini usio na ziwa, maji tunayoyajua ni ya mtungi, na yeye alikuwa kibarua wa shamba la maua Naivasha. Mashua yenyewe ilikuwa kuukuu, ya watu wanne wakibanana. Alitaka kuitengeneza, aipandishe kwenye lori, aipeleke Kilifi akatembeze wageni baharini. Nikamwambia ni vizuri. Simu ilipokatika nilikaa kitandani nikalia, maana hata kutoka hapo karibu Naivasha alikuwa haji. Tangu tumzike mama alikuwa amekuja mara mbili, na mara zote mbili hakumaliza chai.

Kumbe mashua ndiyo iliyomleta. Jumamosi moja aliingia na gunia, ndani yake winchi mbili, kila moja kubwa kama kopo la mafuta ya kupikia. Alinieleza kwamba winchi ni ngoma ya chuma: unaizungushia kamba ya tanga, unatia mpini, unazungusha, nayo inavuta bila kurudi nyuma. Zake zilikuwa zinarudi. Alikuwa amezipeleka kwa fundi wa magari mtaa wa Huruma, naye akazishindilia grisi kama gurudumu la lori, zikazidi kuharibika. Mafundi wa Huruma nawaheshimu, lakini dini yao ni moja: kinachozunguka kipakwe grisi. Mimi natengeneza cherehani, na ninajua kwamba grisi kwenye kitu kidogo ni gundi.

Tulifungua ya kwanza mezani kwangu, tukaiosha kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu. Chini ya ngoma tukakuta vijino viwili vya chuma, kila kimoja kinasukumwa nje na springi nyembamba. Vijino hivyo ndivyo vinavyoishika ngoma isirudi, na grisi ilikuwa imevilaza. Nikavisafisha, nikavidondoshea mafuta ya cherehani, matone mawili tu. Ngoma ilipozunguka ikalia ti-ti-ti, na mdogo wangu akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu msibani. Siku hiyo alikula ugali, akaongeza.

Ya pili aliifungua mwenyewe, kwa pupa. Aliponyanyua ngoma springi zote mbili ziliruka. Tulipiga magoti, tukatafuta chini ya viti na nyuma ya jiko, wapi. Akasema basi, Jumamosi ijayo atarudi tukatafute nyingine soko la Muthurwa.

Kesho yake nikifagia nilizikuta chini ya kanyagio la cherehani. Nilizishika kiganjani kwa muda mrefu. Kisha nikazitia kwenye kopo la vifungo, nikafunika. Sijivunii jambo hilo, lakini nikiulizwa leo kwa nini nilifanya vile, jibu ni kwamba nilisikia neno "atarudi".

Akarudi Jumamosi tatu. Tulizunguka Muthurwa kutwa nzima tukipekua springi za kufuli, za tochi, za midoli, mimi nikizikataa zote kwa uso wa fundi anayejua kazi yake. Hii nene, ile fupi. Tukinunua mahindi ya kuchoma tunagawana, tunamsema mama na ukali wake, tunarudi nyumbani na mikono mitupu. Sijawahi kufurahia kukosa kitu namna ile.

Njia ya mwongo ni fupi. Jumamosi ya nne alikuja na springi alizozitoa kwenye kalamu, akazipachika bila kunisikiliza. Akaifunga winchi kwa bolti kwenye meza yangu nzito uani, akapitisha kamba juu ya boriti ya baraza, akaning'iniza mitungi miwili ya maji, akaanza kuzungusha. Mitungi ilipanda hadi usawa wa kifua. Halafu vijino vikateleza, mitungi ikaanguka, na mpini ukarudi kwa kasi ukampiga kifundo cha mkono. Alikaa chini kwenye maji yaliyomwagika, ameukumbatia mkono.

Niliona ingekuwaje kama angekuwa baharini. Nikaingia ndani, nikaleta kopo la vifungo, nikamwekea springi zake mbele. Nikamwambia nilizipata Jumapili ileile, kesho yake baada ya kupotea.

Nilingoja anifokee. Alizitazama, akanitazama mimi.

"Siz, si ungeniambia tu nikuje," akasema. "Ningekuja."

Nilimfunga mkono kwa kitambaa cha maji baridi. Kisha nikatia springi mahali pake, kila kijino tone moja la mafuta, nikajaribu kwa mitungi mitatu hadi nikaridhika. Zilishika barabara. Wiki iliyofuata mashua ilipakiwa kwenye lori, naye akaondoka nayo.

Sasa yuko Kilifi, na winchi hazijawahi kumteleza. Nami nimejifunza kulisema neno alilolitaka siku ile. Nampigia, namwambia njoo, nimekukumbuka, bila kuzungukazunguka. Ananijibu atakuja, na najua hadanganyi. Kati yetu wawili mwongo nilikuwa mimi. Ila Kilifi ni mbali, na Jumamosi ndiyo siku yake ya kazi nyingi.