Mama Rosalia wa Kiwalani, Aliyejifunza Kuketi

Rosalia alizaliwa mwaka 1959 katika kijiji kimoja karibu na Masasi, akabatizwa akiwa na siku nane. Mama yake alisema mtoto huyu alikuwa akiamka usiku kuhakikisha kama mlango umefungwa. Mwaka 1983 alikuja Dar es Salaam na mumewe Adelard, mchonga vinyago, wakajenga Kiwalani, sehemu ya bondeni. Walijaliwa watoto watano, naye alikosa usingizi kwa ajili ya kila mmoja wao.

Mwaka 2009 waamini walimchagua kuwa mwenyekiti wa Jumuiya ya Mtakatifu Monika. Alilia, akakubali. Tangu siku hiyo hofu yake iliongezeka, kwa maana sasa alikuwa na kaya ishirini na sita za kuhangaikia. Aligawa kazi, kisha akazifuata nyuma na kuzifanya tena mwenyewe. Moyo ulimwenda mbio hata wakati wa sala. Katika sikukuu ya Mtakatifu Monika, somo wa jumuiya, mwaka 2011, aliwaagiza kina mama watatu, kila mmoja kwa siri, watie chumvi kwenye wali, akiogopa mmoja asije akasahau. Halafu akapita, akatia na yeye. Wageni walipoonja, Eufrazia, jirani yake asiyeficha neno, alisema kwa sauti, "Mama Mwenyekiti, huu ni ubwabwa au tumechota bahari?" Watu wakacheka. Rosalia akaingia ndani akajifungia.

Katekista Venance alimfuata, akamwambia kupitia dirisha, "Mama, ukimpa mtu kazi, mpe na wasiwasi wake. Wewe baki na kumwombea." Neno hilo likawa wito wake wa pili. Kila asubuhi, baada ya rozari, aliketi kwenye kigoda akataja jambo moja tu atakalolifanya mwenyewe siku hiyo. Yaliyobaki aliyataja kwa majina ya watu: "Hili ni la Eufrazia, Bwana, na Eufrazia ni wako." Hofu haikumwisha. Alikubali kukaa nayo kama mgeni, bila kuiachia iongoze nyumba.

Jaribu kubwa lilikuja Jumapili moja mchana, masika ya mwaka 2017. Maji yalijaa bondeni kwa muda mfupi. Jumuiya ilikuwa imekwisha kupanga nani atamtoa nani, na wote wakutane kwenye darasa la chekechea, mahali pa juu. Kazi ya Rosalia ilikuwa mlangoni, juu ya kigoda chake: kupokea watu, kuhesabu, na kuwazuia watoto wasirudi kuwafuata wazazi wao. Wote walifika isipokuwa Mzee Jamali, jirani Mwislamu aliyepooza miguu, na Deogratias, fundi baiskeli aliyepewa kazi ya kumbeba.

"Nenda mwenyewe, mama!" Eufrazia alipiga kelele. "Unakaaje na mzee wa watu yuko majini?"

Rosalia aliwatazama watoto waliomkazia macho. Angetoka yeye, nao wangetoka. Akasema, "Miguu inatetemeka, Eufrazia, lakini nimekaa. Mzee ni wa Deogratias, na Deogratias ni wa Mungu."

Ilipita karibu saa nzima. Kisha Deogratias akatokea upande wa reli, amelowa hadi kifuani, mzee mgongoni. "Mgongo wa kijana huyu mgumu kuliko kitanda cha kamba," Mzee Jamali alilalamika, na darasa zima likaangua kicheko na machozi. Deogratias alieleza kwamba njia ilikatika, ikabidi azunguke. "Mara mbili nilitaka kumwacha nije kuomba msaada," alisema. "Ila nilijua mama hatakuja kunifanyia. Nikaona hakuna mwingine, ni mie tu."

Hakupotea mtu hata mmoja. Waamini wa Kiwalani hadi leo huiita siku ile muujiza wa kigoda.

Mama Rosalia alifariki Agosti 2022 kwa ugonjwa wa moyo. Kanisa halijasema neno juu yake, nasi hatulitangulii, tunasimulia tuliyoyaona. Siku ya maziko yake hakuna aliyekimbia huku na huku. Kila mtu alijua kazi yake na hakugusa ya mwenzake. Tuliopewa dhamana ya watu, hata wachache, tumwige: tufanye letu, tumtaje mwenzetu mbele za Mungu, kisha tuketi. Mchana ule wa maziko Eufrazia ndiye aliyetia chumvi kwenye wali. Alitia mara moja, akaenda kukaa, na wali ukakolea.