Mukeke wa Jumapili

Juzi, sokoni Bwiza, muuzaji mmoja alinisogezea samaki watatu aina ya mukeke hadi puani. Harufu yao ilikuwa ya Jumapili zetu, nikawanunua.

Nilipokuwa mtoto, kila Jumapili Papa, baba yangu, alikuwa akinipeleka kuvua pale mto Rusizi unapoingia ziwani. Palinuka matope na matete yaliyooza, na viboko walikoroma mahali ambapo hatukuwaona. Papa alirusha ndoano tupu.

"Papa, tumesahau minyoo."

"Apana, mutoto. Leo samaki haiko na njaa."

Kisha alikaa mchana kutwa akiitazama milima ya Uvira, ng'ambo ya ziwa, katika nchi jirani. Nilidhani samaki wangetokea upande huo.

Tukirudi, alinunua mukeke kwa akina mama wa ufukweni, akawatunga kwenye mshipi wake wa kuvulia, nami nikawabeba hadi nyumbani.

"Leo mumevua muzuri," Mama alisema, akaanza kuwapara. Niliamini tumemdanganya.

Kumbe kila anayepika mjini humu anajua kwamba mukeke hukaa kwenye maji ya kina, mbali na tope la mto. Mama alijua pia Papa alikuwa akitazama nini. Uvira ndiko walikomzika mtoto wao wa kwanza, kabla hawajakimbia, kabla sijazaliwa.

Papa tumemzika upande huu wa ziwa. Sikulia, na Mama hakulia.

Wale mukeke wa juzi niliwatunga kwenye kamba, nikampelekea Mama. Aliwatazama kidogo, kisha akachukua kisu.

"Leo umevua muzuri," alisema.