Tairi za Meno za Asumani

Zaina alikuwa amekwisha kusema neno lake, na Asumani alijua kwamba mke wake hasemi bure. Mwaka huo Asumani alikuwa ameanguka mara mbili kwenye mchanga wa njia ya Kabondo-Dianda, na mara ya pili alirudi bega likiwa limeteguka.

"Ukianguka tena, Baba Fadhila, ii pikipiki tunaiuzisha. Utakaa mu magazini na minyi muke yako."

Duka hilo la Zaina lilikuwa na kivuli, kiti na wateja wa kuongea nao. Mtu mwingine angeshukuru. Lakini Asumani alikuwa ametembeza chumvi na sabuni vijijini tangu ujana, kama baba yake aliyetoka Maniema, kwanza akisukuma baiskeli, kinga kama tunavyosema hapa Kamina, halafu kwa pikipiki. Huko vijijini watu walimwekea samaki wakavu na kitanda. Wako watu ambao hupumzika wanapokwenda. Akikaa siku mbili nyumbani, Asumani huanza kutengeneza vitu visivyoharibika.

Shida haikuwa yeye peke yake. Pikipiki yake ilitengenezwa kwa barabara ya lami, na tairi zake zilikuwa nyembamba, laini, zikizama kwenye mchanga kama kisu kwenye unga. Basi akaagiza Lubumbashi tairi nyingine, pana zaidi na za juu zaidi, zenye meno, zinazofaa lami na udongo vilevile. Zilipofika na treni, akazipeleka kwa fundi Nyembo, karibu na soko.

Nyembo alizigeuza mikononi. "Papa Asumani, hizi ni mipira ya trakta."

"Ingiza tu."

"Na miguu yako ile mifupi, utafika chini?"

"Miguu yangu haikuuliza kitu."

Nyembo alifanya kazi yake vizuri. Alirudisha gurudumu la nyuma kidogo ili tairi lisiguse fremu, akainua bati la mbele linalozuia matope, akazungusha magurudumu kwa mkono, yakazunguka bila kukwaruza popote. Asumani akazunguka soko mara moja, amekaa juu, ncha za vidole tu zikigusa chini aliposimama. Alikuwa anatabasamu.

Asubuhi ya safari alifunga gunia la chumvi na katoni za sabuni. Hakufika mbali. Alipovuka reli, pikipiki iliruka, tairi la nyuma likasaga bati lililo juu yake, na harufu ya mpira ulioungua ikajaa njiani. Alirudi akiisukuma, mbele ya macho yetu sote, majirani.

Zaina alisimama mlangoni mwa duka.

"Sikuanguka," Asumani alisema kabla hajaulizwa.

"Niliona. Umerudia na miguu."

Akafunga duka. Yeye mwenyewe alimfuata mumewe mpaka kwa fundi, kusikia.

Nyembo aliinama, akatazama jinsi mzigo ulivyofungwa, akatikisa kichwa. "Minyi nilipima ikiwa tupu, ile ni kosa yangu. Lakini weye, Papa, unafunga muzigo nyuma kabisa sawa vile kinga ya kusukuma. Uzito yote inalalia mupira."

Asumani alitazama gunia. Mikono yake ilikuwa imelifunga hivyo miaka yote bila kumwuliza.

Safari hii Nyembo alikaza springi za nyuma, akainua bati, kisha akagawa chumvi katika mifuko miwili iliyoning'inia kando, karibu na mapaja ya dereva. Akataka uzito zaidi wa kupimia.

"Mama Zaina, panda."

"Sasa minyi nakuwa gunia ya chumvi?"

"Gunia haisemi, Mama. Lakini panda."

Alipanda kiubavu, kama wanawake wengi wanavyopanda hapa, akashika mkanda wa mumewe. Nyembo akaingiza vidole kati ya tairi na bati, akaridhika. "Muende ku muchanga."

Ng'ambo ya reli kuna mahali ambapo baiskeli zote hushukwa na kusukumwa. Asumani alipunguza mwendo, akangoja ule mtelezo aliouzoea. Tairi ziliuma mchanga, usukani ukatikisika kidogo, kisha ukatulia. Hakushusha mguu hata mara moja. Katika miaka yote ya ndoa Zaina hakuwahi kupita mchanga akiwa nyuma ya mumewe. Alikuwa ameuona mchanga huo kwenye nguo zilizochanika tu.

Walipofika udongo mgumu, Asumani akataka kugeuza.

"Enda mbele kiloko, kidogo tu," Zaina alisema.

Wakaenda mpaka kwenye mashamba ya mihogo. Kulikuwa na upepo, na hakuna aliyewajua. Huko ndiko Zaina alikosema, akiangalia mashamba, si mumewe: "Kesho uende. Funga muzigo vile fundi amesema."

Kesho yake Asumani alipita mbele ya nyumba yangu, mifuko ikining'inia kando sawasawa, akanisalimu kwa honi. Zaina hakutoka nje kumtazama. Alisikia honi, akaendelea kumpimia mteja sukari.