Stata Mbili Nzima

Mtaa mzima ulimwita Sista, ingawa alikuwa ameshastaafu unesi na sare zake zimegeuka matambara ya kufutia gari. Gari lenyewe lilikuwa la siku nyingi, jeupe linaloelekea kijivu, na mwenye kulijua alikuwa yeye. Plagi alibadilisha mwenyewe, oili alimwaga mwenyewe, na mafundi wa gereji ya njia panda walishazoea kumwona amechuchumaa kando yao akiuliza hiki nini, na kile kinafanya nini. Mumewe, Mwalimu, naye mstaafu, hakuwahi kujifunza kuendesha. Alikaa kiti cha pembeni akisoma mabango ya barabarani kwa sauti.

Asubuhi moja Sista akazungusha ufunguo: kimya. Taa za dashibodi ziliwaka vizuri, lakini gari halikukohoa hata kidogo. Jumapili iliyofuata, kifungua mimba wao, fundi umeme wa majumbani, akaja, akainua boneti, akainama humo, akatoka anatikisa kichwa.

"Stata imekufa, Mama. Na stata za magari haya siku hizi hupati. Liache lipumzike. Ukitaka kwenda mahali, nipigie nikupeleke."

"Nikupigie nikitaka vitunguu?"

"Hata vitunguu, Mama."

Mwalimu akacheka sana, kuliko utani wenyewe ulivyostahili.

Sista hakuwa mtu wa kukalishwa. Alizunguka maduka ya vipuri vya mitumba mpaka akapata stata, ile mota ndogo ya kuwashia injini, kwa muuzaji mmoja mwenye kikohozi, ambaye aliigusisha kwenye betri mbele yake, ikavuma. Akarudi nayo imefungwa kwenye gazeti, ameipakata kama mtoto mchanga.

Kazi akaifanyia uani. Alichomoa kwanza waya hasi wa betri, akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akainua pua ya gari kwa jeki, akalikalisha juu ya stendi za chuma alizoazima gereji. Kisha akatandaza boksi na kujilaza chali. Mwalimu akachuchumaa pembeni na tochi. Bolti ya chini ilifunguka bila taabu. Ya juu ilikuwa imeshikana na kutu. Akaitia mafuta, akaisubiri, akaivuta, spana ikateleza na vidole vikachubuka.

"Jamani mke wangu, acha basi," Mwalimu akasema. "Utaumia bure."

"Nipe namba kumi na nne. Na mulika huku, siyo usoni."

Akampa. Akamletea dawa ya kidonda, akamfunga kitambaa kidoleni. Akaleta na chai, wakainywa wameketi chini, wameegemea mlango wa gari, na Sista akamwambia hajapata msaidizi mzuri kama yeye. Mwalimu akawa anakitazama kikombe chake.

Stata ya zamani ikatoka. Nyingine ikaingia, bolti zikakazwa, waya mnene ukarudi mahali pake, na ule mwembamba unaoleta amri kutoka kwenye ufunguo nao ukabanwa. Sista akarudisha waya wa betri, akashusha gari, akajifuta mikono, akaingia, akazungusha ufunguo.

Kimya kilekile.

Akashuka, akaiweka stata ya zamani chini, akaikanyaga isiruke, akaiunganisha na betri. Ikazunguka kwa nguvu zake zote. Haikuwa imekufa, hata mafua haikuwa nayo.

Basi akaufuata ule waya mwembamba kwa vidole, kutoka kwenye stata kupanda juu, mpaka nyuma ya betri. Hapo ukaishia. Ulikuwa umekatwa kwa koleo, mkato safi, na kila ncha imevishwa utepe mweusi kisha ikasukumwa ndani, pasipoonekana. Panya hafungi utepe.

"Baba watoto, hebu njoo uone."

Mwalimu akaja, akainama, akaona. Wala hakushtuka. Hapo ndipo Sista alipojua.

"Ulijua."

"Sikiliza kwanza..."

"Aliyekata ni mtoto wetu wa kwanza?"

"Ni yeye. Ulikuwa umetoka. Mimi nilimfungulia boneti tu."

"Tu?"

Mwalimu akaanza kubwabwaja. Jicho la Sista la kushoto. Nguzo aliyoikwaruza kwa gari karibu na sokoni. Yule mwendesha baiskeli aliyejitupa mtaroni, ambaye Sista hakumwona kabisa. Watoto walikuwa wakipiga simu kila siku, na mwisho wakakubaliana, wote, hata kitinda mimba.

"Tulikuogopea. Tungekuambia, ungekubali?"

"Nisingekubali! Ningefoka, tungenuniana, kesho yake tungeanza upya. Tumeshanuniana mara ngapi sisi? Nani alikufa? Nimelala chini ya gari, wewe unanimulikia. Umenifunga kidole. Umeniacha nitoe kitu kizima niweke kizima, na chai ukaniletea."

Mwalimu akainama, akaanza kuokota spana moja moja.

Sista aliunga waya mwenyewe. Gari likawaka palepale, akalisikiliza, akalizima. Kesho yake akaenda kliniki ya macho kwa miguu, akakataa kusindikizwa. Daktari akamwambia jicho la kushoto lina mtoto wa jicho, asiendeshe mpaka afanyiwe upasuaji. Kumbe walikuwa sawa, na hilo lilimchoma zaidi. Jicho lilikuwa lake, na nyumba nzima ilikuwa ikilizungumzia yeye akiwa hayupo. Alimweleza Mwalimu maneno ya daktari bila kuficha hata moja, akautundika ufunguo ukutani kwa mkono wake.

Kifungua mimba alikuja kuomba radhi, akapiga magoti sebuleni.

"Nimekusamehe, mwanangu," Sista akasema. "Lakini kitu changu usikiguse tena."

Upasuaji ulikwenda vizuri na leo anaendesha. Yeye na Mwalimu wanakula meza moja na kucheka pamoja. Ila Mwalimu akisema jiko ameshalizima, Sista huitikia "haya," kisha huinuka akaenda kuangalia.