Yurea ya Binti Yangu

Mimi ni dereva na mwongoza watalii, kwa hiyo hakuna nisilolijua. Miaka kumi na tano nimewashusha wageni kwenye kreta, lile bonde la volkano lililojaa wanyama, na kuwaeleza umri wa faru, mimba ya tembo na hasira za nyati, nao huitikia kwa vichwa na kuandika kila ninachosema. Mtu akiandikwa hivyo kila siku, mwishowe huanza kujiamini.

Binti yetu alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu. Kwa wasioijua, niseme tu kwamba mtoto wa miaka saba alikuwa akililia mifupa yake, na mimi, bingwa wa maelezo, sikuwa na la kumwambia. Kila baridi ya Karatu ilipokaza, tulihamia wodini. Niliogopa kuliko ninavyopenda kukiri.

Ndipo daktari akatuambia kuna vidonge ambavyo sasa vinapatikana, vya kumeza kila siku, na kwamba maumivu yangepungua. Alieleza robo saa nzima. Niliitikia kwa kichwa muda wote, hasa pale nilipokuwa nimepotea kabisa. Mke wangu, aliyeishia darasa la saba, alimsumbua kwa maswali mpaka nikaona haya kwa niaba yake.

Mtoto alipoanza kuvimeza, nikasoma boksi nyumbani. Haidroksiyurea. Haidro ni maji, hilo nilikumbuka kutoka sekondari. Yurea haikuhitaji hata kamusi: yeyote aliyewahi kufika Mang'ola ameona magunia yake kando ya mashamba ya vitunguu. Nikaunganisha mambo kisomi. Daktari alikuwa anamnywesha mwanangu mbolea iliyokorogwa na maji!

"Kuanzia leo asimeze tena," nikatangaza. "Mtoto si kitunguu."

Mke wangu aliniangalia kidogo. "Sawa, baba," akasema, akaondoa boksi mezani.

Miezi ikapita. Baridi ya Juni ikaja, ikaja ya Julai, na wodini hatukwenda. Mtoto alivaa sweta akaenda shule, akarudi, akaruka kamba uani na watoto wa jirani. Mnafikiri nilinyamaza? Pale getini, tukisubiri vibali vya kuingia hifadhini, niliwahutubia madereva wenzangu kuhusu hatari ya kumeza kitu usichokielewa. Walinisikiliza kwa heshima. Mmoja alisema ningefaa kuwa daktari, nami sikumbishia.

Siku ya kliniki ilipofika, daktari alisoma majibu ya damu, akatabasamu. "Dawa imemkubali vizuri sana," akasema.

Nikakohoa, kama ninavyofanya kabla ya kuwaeleza wageni jambo zito. "Samahani, daktari. Ile dawa tulishaiacha zamani. Mtoto amepona mwenyewe."

Daktari akatazama faili. Akamtazama mke wangu, ambaye alikuwa akinyoosha pindo la kitenge chake kwa bidii kubwa. Kisha akamwinamia binti yangu. "Vidonge vyako unameza saa ngapi, mama?"

"Asubuhi," mtoto akajibu. "Baba akitoka kupasha gari moto."

Nilitaka kukasirika, nikatafuta hasira, sikuipata. Niliona aibu, halafu nikaona furaha, vyote kwa pamoja. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba nyumbani kwangu hakuna anayenisikiliza.