Siku Tulipokata Kahawa ya Baba

Marehemu baba alituachia mti mmoja wa kahawa ambao chulebuni haikuuweza. Ugonjwa huo uliozesha kahawa changa katika milima yetu ya Ileje, majirani wakang'oa na kupanda mahindi, lakini ule mti uliendelea kuzaa kwa kiburi. Sasa ulikuwa umezeeka, upande mmoja umekauka. Nilitaka kupanda vikonyo vyake, yaani vipande vya chipukizi unavyovichomeka kwenye udongo vikawa mti uleule, siyo watoto wake wa mbegu, ambao huenda wasirithi ugumu wake.

Mama hakutaka hata kusikia. "Mungu alimpa baba yako mmoja," alisema. "Wewe unataka kuutoa kopi kama karatasi za huko Tunduma?" Mzee wa kanisa, jirani yetu, akamuunga mkono: huko ni kushindana na Muumba.

Mimi ni mbishi tangu tumboni. Nikakata matawi ya pembeni bila kugusa shina, nikajiona mjanja. Miche ilishika mizizi vizuri, kisha ikaanza kutambaa chini kama maboga. Kumbe tawi la pembeni ukilipanda huendelea kwenda pembeni. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kikonyo cha kusimama wima hutoka kwenye shina, na ili shina lichipue vizuri, ilibidi mti wa baba ukatwe ubaki kisiki. Kisiki kikigoma, ndiyo basi tena.

Mama aliposema hapana kwa mara nyingine, nilichemka.

"Mama, migomba uliyokuja nayo ulipoolewa, si machipukizi ya mgomba wa bibi? Na mimi nilipoolewa, si ulinitwisha hayohayo? Hata mzee wa kanisa alichukua kwako! Ukoo mzima tunakula mgomba mmoja. Mbona Mungu hajakasirika?"

Mama akaingia ndani, akatoka na msumeno.

"Ukichipua, ugawie kila nyumba," alisema. "Na shamba lako usilijaze huu peke yake. Ukija ugonjwa utakaouangusha mti huu, utalala njaa."

Kisiki kilichipua! Leo miti yake imesimama wima hadi kwa mzee wa kanisa, na chulebuni imepita ikaiacha. Siku ya mavuno ya kwanza nilipiga vigelegele peke yangu shambani, nikamkimbizia mama tunda jekundu.

"Ni uleule, mama!"

Alilimung'unya, akatema punje kiganjani.

"Siyo ule, mwanangu. Ule alipanda baba yako. Huu umepanda wewe."