Nilivyomtafsiria mzee maneno ya daktari nusu nusu

Wakuu, asalaam aleikum. Hili limenikaa kifuani miezi mingi. Nitalisema lilivyo, hata pale panaponiaibisha.

Mzee wangu ni mfugaji wa ngamia kule Kotile. Ana sukari miaka mingi, na figo zilikuwa zimeshaanza kuchoka.

Mwaka jana mguu wa kushoto ukawa baridi, kidole kikawa cheusi. Tukatumwa Nairobi.

Kiswahili cha mzee ni cha sokoni tu, kwa hiyo mkalimani nikawa mimi. Kifungua mimba, mwenye diploma, si mnajua tena.

Daktari alieleza pole pole. Mshipa umeziba. Wanaweza kuuzibua, lakini ile dawa ya rangi inayodungwa ili mishipa ionekane kwenye picha inaweza kumaliza figo zilizobaki, na hapo ni dialysis, kusafishwa damu kwa mashine, maisha yote. Ama wakate mguu chini ya goti.

Akaniambia, "Mwambie yote, halafu achague mwenyewe."

Nikamgeukia mzee. Nikamwambia kwa Kisomali kwamba mshipa umeziba, watauzibua, atatembea inshallah. Basi.

Kabla hamjanirukia: nilijua akisikia habari ya figo atakataa kila kitu arudi nyumbani, mguu uoze. Na kumwona aabo, baba yangu, amekatwa mguu, mimi ndiye nisingeweza. Nikamchagulia, nikajidanganya kwamba ni heshima.

Akaweka kidole gumba kwenye fomu. Mguu ukapata joto siku hiyo hiyo. Nilifurahi kama mjinga.

Wiki haikuisha, mkojo ukakata. Figo hazikurudi tena. Sasa ni mashine hapa Garissa mara mbili kwa wiki, na Kotile hapaendeki kwa ratiba hiyo.

Siku moja nesi Msomali alimwambia, bila nia mbaya, kwamba hatari hii huelezwa kabla ya fomu. Mzee akaniuliza kama daktari alisema. Nikajibu alisema.

Mashine ilipomaliza, akaitazama miguu yake.

"Kwa mguu mmoja ningekuwa na ngamia wangu," akasema. "Umenibakishia miwili, na sina pa kwenda."

Labda angechagua vile vile. Sitajua kamwe, na hilo ndilo linaniuma zaidi.

Funzo ni moja: ukiwa mdomo wa mzazi, usimeze neno. Mwili ni wake.

Siku hizi akiitwa kwa daktari anaingia na dada yangu. Mimi nabaki benchi la nje na bakora yake, na ndiko ninakoandikia hii.

Kuna aliyewahi kumkosea mzazi hivi akasamehewa? Aniambie alianzia wapi.